Pointi za Baba Shamimu

Jumatano, 6 Julai

Nimefagia banda. Nimefuta vioo vya televisheni zote mbili. Mashine ya geimu ya mpira nimeiwasha asubuhi, ile ya stelingi, shujaa wa mapigano, haijazimwa. Leo siku ya ishirini na tatu haijazimwa. Ukiiwekea kiganja ni ya moto kama mgongo wa mtoto mwenye homa. Shamimu anaipepea kwa ungo, anaiambia pole.

Ni Baba Shamimu, mume wangu, aliyesema isizimwe. Kadi ya kuhifadhia geimu hatuna. Ile aliyonunua Masasi ni ya mashine za zamani, haiingii. Mwenye duka alimwambia kadi ni kadi. Siku hizi maduka yamejaa vitu, vingine hata anayeviuza hajui ni vya nini. Tumeagiza Dar, kwa mtoto wa mama mdogo. Mpaka ifike, ukizima tu stelingi amepotea na levo zake zote, unaanza upya na mtu mwenye fimbo. Nimeandika kwenye boksi USIZIME, nikabandika ukutani kwa ugali.

Leo pia ni siku ya tisa tangu vidole vya Baba Shamimu.

Ilikuwa Makote, shambani kwa watu, anapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho. Majani yakaziba feni ya mashine ya kupulizia. Akatoa kifuniko, akatia mkono. Hakuizima. Hakuna anayeizima, maana kuiwasha tena ni kuvuta kamba mpaka bega liume, na mwenye shamba amesimama anakuangalia. Vidole vitatu vya mkono wa kulia. Dole gumba, cha pili, cha katikati.

Watu wanaokuja kunipa pole wananitazama usoni. Wanasubiri nilie. Machozi hayaji. Nawapa kiti.

Ijumaa, 8 Julai

Nimemwachia wifi banda na mtoto, nikashuka hospitali ya misheni, njia ya Masasi. Gari lilisimama mara mbili njiani kupakia magunia. Nilibeba uji wa ulezi kwenye chupa.

Amelala kaangalia ukuta. Mkono wameufunga, umekuwa mkubwa kama kichwa cha mtoto. Nimemlisha kijiko kwa kijiko. Anameza tu. Nimemwambia Shamimu anakusalimia. Nimemwambia mbaazi zimeanza kukomaa. Hakuna kitu.

Nilipoinuka kuondoka akasema neno lake moja la siku hiyo.

"Inawaka?"

Nikajua anauliza mashine. Nikasema inawaka. Akafumba macho.

Hakuuliza mtoto. Sikukasirika. Nilipanda gari nikakaa dirishani, nikaangalia vumbi mpaka Newala.

Jumapili, 10 Julai

Umeme wa mgao. Leo umekatika saa nne asubuhi. Nimeunganisha betri ya gari kama alivyonionyesha, nyekundu kwa nyekundu. Televisheni unazizima, mashine peke yake inabaki. Betri inaibeba hivyo kutwa nzima na zaidi kidogo. Kisha lazima ipelekwe kuchajiwa kwa mchomelea vyuma, mwenye jenereta. Nimeibeba kichwani. Nzito kuliko ndoo ya maji, na haimwagiki ikakupunguzia.

Fundi Bakari wa baiskeli kaniona napita nayo. Yeye Myao wa Chiwata, sisi ni watani. Kaniambia, shemeji, watu wanabeba maiti, wewe umebeba mtu wa kwenye televisheni. Nikamwambia nikitoka hapa nakuja kukubeba wewe. Akacheka. Mimi sikucheka ila nilitaka.

Jumatatu, 11 Julai

Nimeshika padi ya kuchezea geimu. Kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa kuifuta tu.

Nimeanza kwa sababu wateja wanamtaka stelingi na hawawezi kumchezesha. Wamezoea mpira. Stelingi si mpira, hana dakika tisini. Nchi yake kubwa, unaenda popote utakapo: pori, vijiji, mto, jangwa. Unapigana na majambazi na wanyama na majitu. Akifa anarudi kwenye moto wa mwisho aliouwasha, hiyo haina neno. Akiua sana anapanda levo, na kila levo ni pointi moja. Pointi unaipeleka kwenye ule ukurasa wenye mti.

Mti wenyewe umechorwa. Matawi yake yana vipicha vya duara. Ukitia pointi kwenye kipicha kinawaka, na stelingi anajua kitu kipya. Tawi la kulia ni mikono na mapanga. Tawi la kushoto ni ngao. Chini kabisa, karibu na mizizi, kuna mbwa. Maelezo ni Kiingereza. Kiingereza changu cha darasa la saba kinatosha kumsalimia mwalimu. Naangalia picha.

Pointi huwezi kuzirudisha ukishaziweka. Hilo Baba Shamimu alikuwa analisema kila siku kwa wateja.

Yeye ana pointi kumi na nne hajazigusa. Juu kabisa ya tawi la kulia kuna upanga wa moto, unakula ishirini kwa mara moja. Newala nzima inajua anausubiri. Zilibaki sita.

Leo nimekufa mara nyingi. Majambazi ya mtoni.

Jumatano, 13 Julai

Asubuhi nilikuwa namsuka Shamimu. Nikajiuliza baba yake atafunga vipi kamba za viatu. Nikajaribu kumsuka kwa mkono wa kushoto peke yake. Haiwezekani. Nikajaribu kumenya muhogo. Nikajikata. Nikajaribu kuvaa kanga. Hiyo nimeweza, kwa meno.

Halafu nikakaa kwenye padi, nikamwambia wifi anifunge mkono wa kulia mgongoni kwa kitenge. Akanifunga. Akaniuliza mara mbili kama ni mzima.

Nimeona hivi. Vitufe vya kupigia vyote viko kulia. Pembetatu, duara, msalaba, mraba. Mkono wa kushoto unakupa kutembea kwa kile kijiti, basi, pamoja na vitufe viwili vya kwenye paji la padi. Cha kwanza ngao. Cha pili anapiga mluzi.

Kwa hiyo mtu wa mkono wa kushoto anaweza kutembea, kujikinga na kupiga mluzi. Hawezi kupiga mtu.

Nimefunguliwa kitenge. Mkono umekufa ganzi. Nikaukanda. Wake Baba Shamimu, vile vidole viwili vilivyobaki, muuguzi anasema ganzi hiyo haijulikani kama itatoka.

Ijumaa, 15 Julai

Hospitali. Muuguzi mama mtu mzima, kaniita kando kule kwenye kamba za nguo. Amesema kidonda kinaendelea vizuri. Amesema tatizo ni mwenyewe. Wakimpa kijiko kwa mkono wa kushoto anakiacha kidondoke. Wakimwambia akunje vile vidole viwili vya kulia, kidogo na cha pete, anaangalia ukuta. Amesema vidole visipofanyishwa kazi mwezi huu vitakakamaa kama mti, na hata huo wa kushoto hatajifunza kitu akikaa hivi. Amesema ameona wanaume wazima wakibaki hivyo hivyo, wanalishwa na wake zao mpaka wanazeeka.

"Kuna kitu chochote anachokitaka?" akaniuliza.

Nikasema kuna mashine ya geimu. Niliona aibu kulisema.

Nilipoondoka Baba Shamimu akauliza tena. Inawaka? Inawaka.

Nilitaka kumwomba ruhusa ya pointi. Sikumwomba. Angesema hapana, na mimi nilikuwa nimeshaamua tangu Jumatano kuzitia kushoto.

Jumamosi, 16 Julai

Nimeweka pointi tatu kwenye ngao. Sasa akiisukuma ngao mbele, adui anaanguka. Kitufe ni kile kile cha kushoto.

Nilibonyeza mara tatu. Baada ya hapo sikusikia kitu kifuani.

Wateja walikuwa wanaangalia. Kisha mmoja akasema, mama kala mbegu.

Jumatatu, 18 Julai

Kuhusu mbwa.

Mwanzoni kabisa mwa geimu, kijiji cha kwanza, kuna mbwa amelala mlangoni. Ukipiga mluzi anakufuata. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kumchukua. Mbwa wa nini? Mbwa ni wa kufukuza nguruwe kwenye mihogo, haingii ndani, akikugusa unatawadha upya. Hata waliomaliza nusu ya nchi ile walimpita kama wanapita jalala. Baba Shamimu naye alimpita. Na mimi ningempita kama ningekuwa na mikono miwili.

Imenichukua asubuhi nzima kumrudisha stelingi kijiji cha kwanza kwa miguu. Mbwa yupo bado. Nikapiga mluzi, akainuka.

Yeye anapigana mwenyewe. Humwambii. Unasimama na ngao yako, yeye anauma. Ila kwa levo yake ni dhaifu, jambazi mmoja anamtosha. Nikafungua mti. Nikamtia pointi kumi na moja zote zilizobaki, moja moja. Kipicha cha kwanza meno. Cha pili mbio. Cha tatu ngozi ngumu. Vingine sivijui, nilitia tu mpaka tawi lote likawaka.

Pointi za Baba Shamimu zimeisha. Sifuri.

Shamimu kamwita mbwa Salfa kwa sababu ya rangi yake ya njano. Nikamwambia amtafutie jina jingine. Hataki.

Jumatano, 20 Julai

Nacheza kila siku baada ya kutwanga, mkono mmoja umefungwa. Nimezoea. Padi naiegemeza kwenye goti. Watu wanajaa banda kuangalia, wanaume watu wazima, wanalipia mpira ili wapate pa kukaa, kisha wanageuza viti.

Bakari leo kanichokoza mpaka basi. Anasema ndiyo maana ninyi Wamakonde mlikimbilia huku juu mlimani, kupigana kwenu ni kujificha. Nikamwambia na ninyi mlibaki huko chini kwa kuwa mlishindwa kupanda. Watu wakaangua kicheko. Akasema sawa, lakini mbwa, shemeji? Mume wako akirudi atakuta nyumba imenajisika. Nikamwambia mbwa wangu anapigana, wewe unauza tairi zenye viraka.

Akawa ananiangalia ninavyocheza. Baadaye akaniuliza polepole, wenzake hawasikii, kwa nini nafunga mkono. Nikamwambia. Akainuka akaenda kwenye baiskeli zake. Nusu saa hivi akarudi na kipande cha mpira wa tairi, akakifunga kwenye padi chini yake ili isiteleze kwenye goti.

Wifi hapendi. Anasema mashine tuiuze, kaka yake akirudi atahitaji mtaji wa kazi ya kukaa. Anasema mwanamke mwenye mtoto anacheza mbele za wanaume. Yote kweli. Nimepika mbaazi za nazi tukala wote.

Jumatano jioni

Nimesahau kuandika. Hospitali wamesema Baba Shamimu atatoka Jumanne.

Alhamisi, 21 Julai

Umeme haukuja kabisa. Betri imeshuka. Mchomelea vyuma jenereta lake limeharibika.

Ijumaa, 22 Julai

Sikwenda hospitali.

Naandika hivi nikiangalia nilichoandika. Sikwenda. Ilikuwa siku yake, alikuwa ananingoja, au hakuwa ananingoja, sijui. Uji nilikuwa nimeshaukoroga.

Kile kitaa chekundu cha betri kilianza kupepesa alfajiri. Umeme hakuna. Bakari kasema kwenye mashine ya kusaga ya njia ya Tandahimba wana jenereta, ila foleni ni ndefu. Ningekwenda hospitali, mashine ingezimika kabla ya adhuhuri. Ningekaa, ningeweza kuiokoa. Nikasimama mlangoni na chupa ya uji, sijui kwa muda gani. Shamimu kanivuta kanga.

Nikampa kondakta wa gari la Masasi chupa. Nikamwambia ampe muuguzi, na amwambie mgonjwa inawaka.

Bakari akatoa betri ya pikipiki ya mteja wake, tukaishikiza mashine kwa hiyo. Mimi nikabeba yetu kichwani mpaka kwenye mashine ya kusaga. Nimekaa kwenye pumba toka saa tatu mpaka saa tisa. Nimekuwa mweupe nywele zote. Mama mmoja mzee kanisalimia shikamoo kwa utani, nikamwitikia marahaba bila kufikiri. Wakacheka wote kwenye foleni.

Haikuzimika.

Nimeichagua mashine nikamwacha mtu. Ndivyo ilivyo. Nikijiambia ni kwa ajili yake, inakuwa kweli nusu.

Jumapili, 24 Julai

Daraja.

Kuna jitu linalinda daraja la kaskazini. Baba Shamimu mwenyewe alishindwa mara nyingi, ndiyo maana alitaka upanga wa moto. Nimelipiga leo.

Mkono umefungwa mgongoni. Ngao juu, linapiga rungu, nasubiri, nasukuma, linayumba, Salfa anarukia mguu. Tena. Tena. Hakuna haraka. Mapanga yote ya Newala yalishindwa kwa haraka. Ilichukua muda mpaka chai za watu zikapoa. Lilipoanguka banda lilipiga kelele, mpaka watu wa stendi wakaja kuangalia kama kuna mwizi.

Wakaniita fundi. Fundi Mama Shamimu.

Nilifunguliwa mkono nikaenda nyuma ya nyumba. Nilidhani ndiyo sasa nitalia. Nikaosha vyombo.

Nilichofikiri ni hiki: Baba Shamimu atakaa pale, kwa mkono wa kushoto, atavuka daraja. Basi. Sijafikiri kingine kwa wiki mbili.

Jumanne, 26 Julai

Amerudi.

Nimemfuata na Shamimu stendi. Amekonda. Mkono umefungwa kitambaa kidogo sasa, vidole viwili vinaonekana, vimesimama kama si vyake. Shamimu kamshika wa kushoto. Akamwacha amshike. Watu wanampa pole, anaitikia kwa kichwa.

Nilimwogesha. Nilimlisha. Kisha akaenda bandani mwenyewe, sikumwambia. Nikamfuata. Bakari alikuwepo na wateja watatu, wakainuka wakampisha.

Aliangalia stelingi amesimama mwanzo wa daraja na mbwa miguuni. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akafungua mti. Nikaanza kumweleza. Nilieleza haraka, najua, nilieleza kama mtoto aliyevunja sahani. Vitufe, ngao, mluzi, mbwa. Nilimwambia nilifunga mkono kwa kitenge kila siku ili nijue. Nilimwambia hata jitu limekufa. Nilimwambia hutahitaji wa kulia kabisa.

Hakupaza sauti.

"Nimekatwa Makote," akasema. "Humu ndani nilikuwa mzima. Wewe ukaja ukanikata na humu."

Akainama akabonyeza swichi. Kile kitaa cha kijani kikazimika. Feni ya ndani iliendelea kidogo, kisha ikanyamaza. Sikuwa najua kama ilikuwa inapiga kelele mpaka iliponyamaza.

Bakari akasema, haya jamani, tutoke. Wakatoka.

Jumatano, 27 Julai

Nimefagia banda. Sikufungua.

Alhamisi, 28 Julai

Amelala kaangalia ukuta, wa kwetu safari hii.

Nimelifikiria neno lake. Nimelifikiria nikichota maji, nikipepeta, nikimwogesha mtoto. Ana haki. Nilichukua kitu chake kimoja kilichokuwa kizima nikakikata kifanane na mkono. Nilidhani namtengenezea mlango. Nilikuwa nimeshaamua kabla yake kwamba wa kulia umekufa. Muuguzi hakusema umekufa. Alisema haijulikani.

Hilo ndilo kosa. Mbwa si kosa.

Wifi anasema si nilikuambia. Amesema mara tatu. Mara ya nne nilimpa kinu akatwange.

Ijumaa, 29 Julai

Kadi imefika. Mtoto wa mama mdogo kaituma na dereva wa Dar, imefungwa kwenye karatasi ya gazeti. Ndogo kama biskuti. Inaingia.

Imechelewa siku tatu tu.

Nilimwonyesha. Akaiangalia, akaiweka juu ya godoro, akarudi ukutani. Nilingoja nisikie kitu kifuani. Hakuna. Nimeipeleka bandani nikaichomeka, kwa sababu pale ndipo mahali pake.

Bakari alipita mchana na baiskeli ya mtu. Hakuingia. Akaniuliza mgonjwa anakula? Nikasema akilishwa. Akasema, mwambie Myao wa Chiwata anasema Wamakonde wamekwisha, hata yule mmoja aliyekuwa anajua kupigana ni mwanamke. Nikamwambia sitamwambia. Akasema, mwambie, shemeji.

Jumamosi, 30 Julai

Nimemwambia. Nilikuwa namlisha ugali, nikamwambia kama nilivyotumwa, neno kwa neno.

Akaacha kutafuna. Nikadhani ameudhika.

Akasema Bakari mwenyewe hata mpira anafungwa na watoto. Kisha akafungua mdomo nimpe tonge jingine. Nikampa. Tonge la tatu alilichukua mwenyewe, kwa kushoto, mchuzi ukamwagika mpaka kiwiko. Mkono wa kushoto kwenye chakula. Aliona haya. Niliangalia pembeni, nikampa Shamimu mfupa.

Jumatatu, 1 Agosti

Nilitoka kuchota maji mapema, bombani kulikuwa na watu wachache. Niliporudi kitanda kitupu. Shamimu pia hayupo.

Banda lilikuwa limefunguliwa dirisha moja. Shamimu kakaa chini anakula kiporo cha muhogo. Baba yake yuko kwenye benchi. Kwenye televisheni stelingi mpya, hana kitu, shati na fimbo, kijiji cha kwanza. Mbwa amelala mlangoni. Alimpita.

Sikuingia. Nilisimama na ndoo.

Nguruwe pori wawili walimuua. Akarudi kwenye moto. Wakamuua tena. Mara ya tatu akamuua mmoja. Mara ya tano wote wawili. Levo moja. Akafungua mti, matawi yote giza.

"Mama Shamimu," akasema, bila kugeuka. "Pointi ya kwanza wewe uliiweka wapi?"

"Kwenye ngao."

Akaangalia tawi la kushoto. Alikaa nalo. Kisha akaenda kulia akaiweka kwenye upanga.

Upanga unapigwa kwa kitufe cha mraba. Nikaona alivyoushika. Padi kaibana kwenye mapaja, kushoto anaendesha kijiti, na mkono wa kulia kaulaza juu, kitambaa kikiwa kimesogezwa nyuma. Kile kidole kidogo kilikuwa juu ya mraba. Kinatetemeka. Kilibonyeza, kikachelewa, nguruwe akawa ameshapita. Akauawa.

Akakirudisha mahali pake kwa mkono wa kushoto, kama unavyomrudisha mtoto kitandani. Akaanza tena.

Nimetua ndoo. Nimechochea moto, nimebandika mbaazi. Zinachemka.